Kabla Hujatuma Ombi la Mtambo wa Maziwa

Mwanangu Kibet,

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapoomba ufadhili si la hesabu wala la lugha. Ni kudhani kwamba ombi litasomwa na mfadhili peke yake. Mtu huandika akimwona mbele yake msomaji mmoja tu, aliyeketi ofisini mbali, mwenye pesa za kutoa na huruma inayongoja kuamshwa. Hawaoni wale aliowaandika. Hafikirii kwamba siku moja maneno yake yatarudi kijijini na kuanza kuuliza nyumba ya fulani iko wapi.

Unaondoka kesho. Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, na ya kutafuta kanisa huko Nakuru, shangazi yako ameyasema tangu asubuhi na bado anayasema huko jikoni ninapoandika. Sitayarudia. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati, na wewe umetoka na baba yako kwenda kuwaaga wazee. Nina muda kidogo kabla hamjarudi. Nitaiweka barua hii juu ya mkoba wako uisome asubuhi, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo jana nilishindwa kulisema mbele ya watu.

Jana kikundi chetu cha maziwa kilikuja kukuaga. Ulifungua laptopu ukawasomea ombi la mtambo wa kupoza maziwa ulilowaandikia, ukaahidi kulituma kesho ukifika Kaplong, kwa kuwa huko mtandao haukatiki. Ulisoma vizuri. Nilifundisha darasani miaka mingi na najua mtoto anayeandika vizuri akisoma anavyosikika. Ulipofika kwenye ile aya inayosema kwamba eneo letu lina historia ya uhasama kati ya jamii mbili zinazotenganishwa na mto, na kwamba mtambo mmoja wa maziwa utawaleta pamoja watu ambao wangeweza kupigana tena wakati wowote, Weldon mwenyekiti aliruka kitini.

"Rudia hapo! Rudia hapo kwa uhasama!" alisema. "Huyu kijana ameiva. Hiyo mashine ni yetu!"

Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Na sisi tumekuwa tukiandika habari ya ng'ombe na nyasi, kumbe tulikuwa tunalala!" Wakacheka.

Mimi nikakuuliza, taratibu, "Umeyatoa wapi hayo ya historia?"

Ukanijibu, "Si iko kwa ripoti ya ule mradi wa daraja, Mama. Iko kwa mtandao. Hata wengine wameitaja kwa miradi yao."

Ulinitazama ukidhani nimefurahi. Sikufurahi, Kibet. Historia hiyo ni mimi niliyeiandika.

Wewe ulikuwa mdogo sana, ukibebwa mgongoni. Wakati huo hatukuwa na daraja. Kijito kile cha bondeni, ambacho leo unakivuka ukiongea na simu, wakati wa mvua kilikuwa kinajaa mpaka kwenye matete, na kituo cha kununulia majani ya chai kiko ng'ambo. Mama aliyechuma tangu alfajiri angefika ukingoni na kikapu chake mgongoni, akasimama, akasubiri maji yapungue huku majani yanapata joto na kuharibika. Watoto wa ng'ambo walikuwa hawaji shule. Mara moja maji yalimchukua mama mzima, akashika mzizi, akaokolewa na watu waliokuwa wanaosha magunia.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha daraja. Mara ya kwanza niliandika ukweli mtupu: tuna kijito, tuna majani, tuna watoto, tunaomba daraja la miguu. Jibu lilikuja likisema mradi wetu ni mzuri ila haulingani na vipaumbele vyao. Nikaandika kwa wengine. Jibu likawa hilo hilo. Nakuambia haya ili usidhani mama yako alianza kwa ujanja. Nilianza kwa uchovu. Uchovu wa kukataliwa ukisema kweli ni mlango mpana, na watu wazuri wengi wamepitia hapo.

Halafu likatoka tangazo la wafadhili waliotaka kujenga amani kati ya jamii zinazopakana. Daraja halikutajwa popote. Lakini nilijua kuandika, na nilijua kwamba daraja linaweza kuelezwa kwa namna nyingi. Kitu kilichokosekana kilikuwa vita. Nikaanza kutafuta vita.

Nilichokipata ni ng'ombe wa baba yako.

Ng'ombe huyo alikuwa ameruka ua, akavuka kijito, akaingia kwenye bustani ya managu ya Nyaboke, mke wa Ombati. Unawajua hao wawili kama watu wa ng'ambo wenye ua mrefu. Wakati huo hawakuwa na ua. Baba yake Ombati alitoka Kisii akaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, akaweka akiba, akanunua kipande cha ardhi hapa kwetu. Nyaboke mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba za laini za wachuma chai huko Kericho, na Kipsigis anakisema bila kujikwaa kuliko wewe. Ng'ombe alikula mboga yote. Asubuhi yake Ombati akaenda kwa Mzee arap Rotich, aliyekuwa akituamulia kesi, na Mzee akaita kokwet.

Wewe umekua ukikuta kamati, kwa hiyo acha nikueleze. Kokwet ni watu wanaoishi kwenye miteremko ya kijito kimoja, wanaochota maji mahali pamoja, ambao ng'ombe wao hukanyagiana njia. Haikuwa inauliza ukoo wako. Haikuuliza babu yako alizikwa wapi. Ikiwa moshi unatoka kwenye paa lako ndani ya mipaka yake, wewe ulikuwa na mahali pa kukaa kwenye nyasi na haki ya kusema. Ombati alikaa hapo kama baba yako alivyokaa.

"Mimi nataka huyo ng'ombe aje kwangu," Ombati alisema. "Nimkamue mpaka mboga yangu iote."

"Utakamua nini?" Mzee arap Rotich akamuuliza. "Huyo hata mwenyewe hapati maziwa ya chai. Ukimchukua, ni wewe utalipa faini."

Watu walicheka mpaka baba yako akainamisha kichwa. Ikaamuliwa atengeneze ua wake na apeleke mbolea kwa Nyaboke. Aliipeleka siku hiyo hiyo, na Nyaboke akamrudisha na ndizi. Ikaisha. Ilichukua asubuhi moja.

Jioni ile nikakaa mahali hapa ninapokaa sasa nikaandika kwamba eneo letu linakumbwa na mapigano kuhusu malisho kati ya wenyeji na wageni, kwamba hofu imetanda, kwamba mto unatenganisha jamii mbili zinazotishiana. Hakukuwa na neno moja ambalo mtu angeweza kunishtaki nalo. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na malisho, kulikuwa na mto. Lakini mto haukutenganisha jamii mbili, Kibet. Upande wetu wakati huo kulikuwa na familia za Kisii, na upande wa Ombati kulikuwa na familia za kwetu. Walikuwa wamechanganyika kama maharagwe na mahindi kwenye shamba moja. Nilifuta hao wote kwa sentensi moja, kwa sababu sentensi ilipendeza zaidi bila wao.

Pesa zikakubaliwa. Kabla hazijatoka, akaja mama mmoja kutoka kwa wafadhili kuona hali. Alikuwa mtu mzuri, mnyenyekevu, amevaa gambuti kama sisi. Alitaka kusikia kila upande. Tulikutana uwanjani pa kanisa, na akasema kwa upole, "Naomba wenyeji wakae mkono huu wa kulia, na wale wa jamii nyingine wakae mkono huu mwingine, ili kila mmoja awe huru kusema."

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kukaa hivyo. Mmoja mmoja wakaanza kusogea, wengine wanacheka kwa aibu. Nyaboke akabaki amesimama katikati na mtoto mgongoni.

"Mimi nikae wapi?" akauliza.

"Wewe ni wa jamii gani, mama?" yule mgeni akamuuliza.

Nyaboke aligeuka akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi mkononi. Na mimi, mwanangu, nikamwonyesha kwa mkono. Akaenda akakaa.

Nimefikiria mkono huo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote nililofanya maishani.

Daraja likajengwa. Sitakudanganya kwamba halikusaidia. Wewe mwenyewe umelivuka kwenda shule miaka yote hiyo na hukulowa. Watu huniambia hata leo, "Mwalimu, bila wewe tungekuwa bado tunaogelea." Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulieleza, na ndiyo maana nimekaa nalo muda mrefu. Kama daraja lingeporomoka, ungeelewa haraka.

Lakini pamoja na daraja ilikuja kamati ya amani, maana ombi langu lilihitaji amani ya kuonekana. Wajumbe wa upande huu na wajumbe wa upande ule, idadi sawa. Kikaja kibao kikubwa cha chuma penye daraja, kikitaja jamii mbili kwa majina na kusema zimepatanishwa. Mtu mgeni akipita alijua papo hapo nani anaishi wapi na nani aligombana na nani. Wale ambao hawakujua kwamba waligombana walisoma hapo.

Ng'ombe mwingine akavuka. Safari hii kesi haikwenda kokwet, kwa sababu sasa kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na posho ya vikao. Wajumbe wa huku wakamtetea mwenye ng'ombe, wa kule wakamtetea mwenye shamba, kwa sababu ndiyo kazi waliyopewa. Hakuna aliyecheka. Kesi ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda tena. Nakumbuka Mzee arap Rotich alikuja hapa nyumbani, akakaa hapo karibu na mlango, akakataa chai.

"Mwalimu," akaniambia, "zamani nilikuwa naamua ng'ombe. Sasa naambiwa niamue Wakipsigis na Wakisii. Hiyo mimi siwezi. Hakuna mtu anaweza."

Halafu asubuhi moja tukasikia mayowe ng'ambo. Tulipofika, mistari ya chai ya Ombati iliyo karibu na maji ilikuwa imekatwa hadi shinani. Haikuwa kupogoa, kwa maana kila mtu hapa anajua panga la kupogoa linavyopita. Ilikatwa kwa hasira, mashina yamepasuliwa, matawi yametupwa njiani. Ombati alikuwa amesimama hapo. Nilimwambia twende kwa Mzee, tuite kokwet.

"Kokwet gani, Mwalimu?" akaniuliza. "Si mlitupatia kamati?"

Mpaka leo hatujui aliyefanya vile. Huenda ni mtu ninayemsalimia kanisani. Chai si mmea wa kufa haraka, ikachipua tena, na ukiiangalia leo huwezi kujua. Lakini Ombati alipanda kaiyaba kuzunguka boma lote, ule ua wa miiba unaouona, akafunga kile kijia kilichokuwa kinapita katikati ya kwake kwenda kituoni. Mwaka uliofuata familia moja ya Kisii ya upande wetu ikauza, ikahamia ng'ambo. Familia moja ya kwetu iliyokuwa ng'ambo ikauza, ikaja huku. Hakuna aliyewafukuza. Walisema tu ni vizuri mtu kuwa karibu na watu wake. Wakafuata wengine, polepole, bila kelele. Leo ukisimama juu ya daraja lile ukatazama huku na huku, nilichoandika ni kweli. Mto unatenganisha jamii mbili. Sikusema uongo, Kibet. Niliwahi tu kuusema ukweli kabla haujawa.

Hilo ndilo linalonitia baridi ninaposikia umeandika kwamba watu hawa wangeweza kupigana tena wakati wowote.

Wewe unaona ni maneno ya kufungulia mlango wa mfadhili. Na unaenda kufanya kazi mahali ambapo utayaandika maneno ya namna hii kila siku, kwa ajili ya vijiji ambavyo hutavijua kwa jina la ng'ombe hata mmoja. Utafundishwa kwamba tatizo lazima liwe kubwa na la dharura. Utaona mwenzako aliyeandika kwa kiasi amekosa, na aliyeogofya amepata. Hakuna atakayekuja kukuambia kilichotokea baadaye, kwa sababu mradi ukiisha na ripoti hufungwa.

Na msimu wenyewe wa uchaguzi unaujua. Mabango ya siasa yameanza kubandikwa kwenye miti ya barabarani. Karani wa kituo cha majani aliniambia juzi, akiwa amepunguza sauti, kwamba vijana wawili wasiojulikana walikuja na pikipiki wakaegesha penye daraja. Walisoma kibao chote. Halafu wakamuuliza, "Hawa wenye ua wa miiba ni wale wengine, ama?" Karani akawaambia hajui, yeye ni wa kupima tu. Wakawasha pikipiki wakashuka njia ya Siongiroi. Hawajarudi. Tangu siku hiyo, kila nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo pale bondeni, nasimamisha nilichokuwa nafanya mpaka ipite.

Sasa fikiria ombi lako linatoka sasa, katika msimu huu, likiwa na jina la kilima chetu. Wageni watakuja tena kuona hali. Watawapanga watu tena, mkono huu na mkono ule. Safari hii hakuna atakayeuliza akae wapi. Kila mtu atakwenda moja kwa moja.

Jana hakuna aliyeuliza kwa nini Nyaboke hayumo kwenye kikundi, ingawa ng'ombe wake wanatoa maziwa kushinda wa yeyote aliyepiga makofi pale. Maziwa yake ya jioni yanaganda kama yetu. Anayamwagia ndama na mbwa kama sisi, kwa sababu gari la maziwa huja asubuhi peke yake. Hilo ndilo tatizo letu, na si dogo. Mwanamke anakamua mara mbili na kulipwa mara moja. Ukiandika hivyo, ukaeleza ni nani anakamua, saa ngapi, maziwa yanakaa kwenye ndoo kwa muda gani kabla hayajaharibika, na ni nani atalala kwenye mtambo kuulinda, hilo ni ombi. Halina damu ndani yake, lakini ni ombi. Huenda wafadhili hawa unaowaandikia hawataki maziwa, wanataka uhasama. Basi hao si wafadhili wetu, na tungoje wengine.

Najua gharama yake. Weldon atasema mama yako amekutia woga. Kikundi kitamwaga maziwa mwaka mwingine, na baba yako naye atanung'unika, kwa kuwa tayari amechagua mahali pa kuweka mtambo. Sitasema gharama hiyo ni ndogo. Mimi nilikataa kuilipa nilipokuwa na umri kama wako, na walioilipa ni watu wengine.

Sitaificha laptopu yako wala sitamwomba baba yako akuamuru. Wewe ni mtu mzima, na kazi hii umeipata kwa akili yako. Inawezekana pia kwamba ninaona kivuli mahali ambapo hakuna mtu. Wazee tuna tabia hiyo. Lakini nilivyoishi na sentensi zangu, nimejifunza kipimo kimoja ambacho sikuwa nacho wakati ule, na hakuna mafunzo yatakayokupa. Aya yoyote kuhusu watu ambayo huwezi kuwasomea wenyewe uso kwa uso, haipaswi kutumwa kwa mtu yeyote. Mimi sikuwahi kumsomea Nyaboke. Ni yeye aliyekuja kuyataja, miaka mingi baadaye, siku tulipokutana tukingoja daktari huko hospitali ya Kaplong. Aliniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho tayari kimeuzwa: "Mwalimu, ni wewe uliandika kwamba sisi tunapigana?" Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, akasogea kidogo kwenye benchi, akangoja jina lake liitwe.

Nasikia sauti ya baba yako langoni. Mvua imepungua na shangazi yako ananiita nije nionje mursik, yale maziwa ya kibuyu, kama imekuwa tayari kwa ajili yako.

Gari lako linaondoka mchana, kwa hiyo muda upo. Ukishaisoma hii asubuhi, kabla ya kwenda stegi, vuka daraja na laptopu yako, bisha kwa Nyaboke, na umsomee aya ile yote kwa sauti, yeye akiwa ameketi mbele yako.